Petroli ya sheli gani ni bora? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa gereji karibu kila wiki na madereva wa teksi, vijana wa bodaboda na wenye magari ya nyumbani. Majibu yanahusu zaidi Tanzania. Kenya nimeitaja pale mambo yanapotofautiana. Neno sheli hapa ni kituo chochote cha mafuta, kama tunavyosema mtaani, si kampuni ya Shell.

## Mambo ya mwanzo

Kampuni gani inauza petroli nzuri kuliko zote?

Anayekutajia jina moja bila kukuuliza unajazia kituo kipi anakupa mazoea yake tu. Petroli ya kawaida iliyo kwenye maghala ya bandarini ni bidhaa ileile kwa kampuni zote. Tofauti huanza ikishatoka ghalani: lori lililoibeba, tangi lililofukiwa chini ya sheli, pampu, na uaminifu wa mwenye kituo.

Kwa hiyo linganisha kituo na kituo, usilinganishe nembo na nembo. Vituo viwili vyenye rangi na bango moja vinaweza kuwa mikononi mwa wafanyabiashara wawili tofauti, mmoja anayepima maji kwenye tangi lake kila asubuhi, mwingine asiyejali mpaka mteja arudi analalamika. Mimi nina vituo vitatu ninavyoviamini mjini, na kila kimoja kina nembo yake.

Ni kweli mafuta yote yanatoka kwenye meli moja?

Karibu ndivyo. Tanzania huagiza mafuta kwa pamoja kupitia wakala wa serikali, PBPA. Zabuni hutangazwa, mshindi huleta shehena, na kampuni nyingi hugawana shehena hiyohiyo inayoshushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Shirika la Viwango, TBS, hupima sampuli za meli kabla ya mafuta kuruhusiwa kushushwa. Hatusafishi mafuta ghafi wenyewe siku hizi. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kiliacha kazi hiyo zamani na sasa ni maghala.

Kenya nao wanategemea meli. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilisimama kusafisha mwaka 2013, na tangu 2023 shehena nyingi huja kwa mkataba wa serikali na kampuni za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Huko pia, tajiri wa vituo mia na mwenye kituo kimoja cha pembezoni huchota kwenye chungu kimoja.

Kama ni yaleyale, mbona gari langu linakwenda vizuri zaidi nikijaza mahali fulani?

Simwiti mtu mwongo anaponiambia hivyo. Huenda kituo ulichozoea kina tangi safi na kile kingine kina maji au mchanga. Huenda unalipia petroli yenye viambato vya ziada (soma sehemu ya oktani). Na huenda pampu moja inatoa lita kamili, nyingine inapunja, nawe unaona mafuta "yameisha haraka" ukadhani ni mabovu. Hili la tatu ndilo ninalokutana nalo zaidi, na ndilo watu wanalifikiria mwisho.

Bei ya chini ni dalili ya petroli mbovu?

Hapana. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji, kutegemea umbali kutoka bandarini. Hiyo ni bei ya juu kabisa ambayo kituo hakiruhusiwi kuivuka. Kushuka chini yake ni ushindani wa kawaida, hasa barabara yenye vituo vingi. Kenya hutangazwa na EPRA, mamlaka yao ya nishati na petroli, kila tarehe 14.

Ninachokitilia shaka ni bei ya kificho, ile ya "njoo usiku nikupe kwa madumu". Hayo huwa yamenyonywa kwenye malori au ni ya njia ya nchi jirani yasiyolipiwa kodi, na hakuna anayejua yamepita kwenye chombo gani.

## Oktani na petroli zenye majina maalumu

Oktani ni nini hasa?

Ni namba inayoonyesha petroli inavyostahimili kukandamizwa ndani ya silinda bila kujilipukia yenyewe kabla ya moto wa cheche ya plagi kuifikia. Ikilipuka mapema, injini hugonga, ule mlio kama kokoto ndani ya kopo unaousikia ukipanda mlima na gia kubwa. Oktani si kipimo cha nguvu wala cha usafi. Petroli yenye oktani 95 inaweza kuwa na maji, na ya 91 ikawa safi kama machozi.

Nikiweka yenye oktani kubwa gari litaongeza nguvu?

Kama injini yako haikuundwa kwa ajili yake, hutaona kitu. Magari mengi tunayoagiza Japani yaliyotumika, Vitz, IST, Corolla za kawaida, yalitengenezwa kunywa petroli ya kawaida ya kule, ambayo kiwango chake cha chini ni 89. Yenye turbo, kama Forester za XT, au yenye mgandamizo mkubwa, huhitaji ile Wajapani wanayoiita haioku, isiyopungua 96. Fungua kifuniko cha tangi usome karatasi iliyobandikwa. Kama hujui Kijapani, mpelekee picha anayejua. Ni dakika moja itakayokuondolea ubishi wa miaka.

Gari la haioku likinyweshwa ya kawaida halifi siku hiyo. Kompyuta yake husogeza muda wa cheche ili lisigonge, nguvu ikapungua na ulaji ukaongezeka. Ila usilivutishe mzigo mlimani katika hali hiyo.

V-Power ya Shell, Excellium ya Total na nyinginezo zina tofauti, au ni jina tu?

Zina tofauti, ingawa si ile watu wanayoitarajia. Msingi ni petroli ya shehena ileile. Kampuni huongeza viambato vyake wakati wa kupakia lori. Kazi kubwa ya viambato hivyo ni kusafisha injekta na vali ili masizi yasigande. Faida yake huonekana baada ya matangi mengi, kwenye injini itakayokaa nawe miaka. Ukijaza mara moja ili kuona gari litaruka, umepoteza nauli.

Ushahidi wa viambato hivi ni mzuri. Marekani kuna kiwango kinachoitwa Top Tier, kilichoanzishwa 2004 na watengenezaji wa magari wakiwemo BMW, GM, Honda na Toyota. Mwaka 2016 chama cha wenye magari, AAA, kilijaribu petroli zilizofikia kiwango hicho na zisizofikia. Baada ya mwendo wa kama kilometa 6,400, zisizofikia ziliacha masizi mara 19 zaidi, kwa wastani. Kwa hiyo gari la kilometa nyingi, hasa lenye injekta zinazopulizia moja kwa moja ndani ya silinda, nashauri lipewe usafi wa aina hii, kwa pampu au kwa chupa ya kusafishia kutoka duka unaloliamini.

Niko Marekani na pampu zinasema 87. Ina maana ni mbovu kuliko ya nyumbani?

Hapana. Kwetu namba inayoandikwa ni RON, oktani iliyopimwa injini ikifanya kazi nyepesi. Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON (ya kazi nzito), na huo huwa chini kwa pointi nne au tano. Kwa hiyo 87 yao ni kama 91 yetu. Tofauti ya kweli ni ethanoli, aina ya alkoholi: petroli nyingi ya huko ina asilimia 10, na hiyo hupunguza umbali wa kila lita kwa kama asilimia 3.

## Uchakachuaji

Kuchakachua petroli hufanywaje?

Njia iliyozoeleka ni kuongeza mafuta ya taa. Ilishamiri kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, hivyo kila lita iliyochanganywa ilikuwa faida tupu. Neno lenyewe, kuchakachua, lilienea nchini miaka hiyo ya 2010 kutokana na mafuta, kisha likahamia kwenye kura, vyeti na kila kitu.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei zikaribiane, na tamaa ikapoa. Kenya walifanya hivyo 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita. Dawa ilifanya kazi, lakini nasema wazi kwamba aliyelipa gharama ni mama wa kijijini aliyekuwa akiwashia kibatari, wala hakuwahi kuchakachua chochote.

Mafuta ya taa yanafanya nini ndani ya injini ya petroli?

Yanashusha oktani, kwa hiyo injini hugonga. Huchemka kwa joto kubwa kuliko petroli, kwa hiyo hayageuki mvuke vizuri: gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi, linatoa moshi, plagi zinakuwa nyeusi. Mengine huteremka ukutani mwa silinda bila kuungua na kuingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta imepanda na inanuka mafuta, badilisha oili kabla ya kitu kingine.

Vinasaba ni nini, na vinanilinda?

Ni kemikali kidogo sana inayowekwa kwenye mafuta ya soko la ndani kabla hayajatoka ghalani. Mkaguzi akichukua sampuli kituoni, kifaa chake huonyesha kama vinasaba vipo na kwa kiwango gani. Vikikosekana, mafuta hayakulipiwa kodi au ni ya kupita kwenda nchi jirani. Vikipungua, yamechanganywa na kitu. Kazi hii ilianza 2010 chini ya EWURA na baadaye ikahamishiwa TBS.

Vinakulinda dhidi ya mchanganyaji. Havikulindi dhidi ya maji, kutu wala pampu inayopunja, maana petroli yenye vinasaba kamili inaweza kukaa juu ya shubiri ya maji.

Naweza kutambua kwa rangi au harufu?

Kwa rangi, hapana. Rangi huwekwa kiwandani na hutofautiana kati ya shehena na shehena. Kwa harufu, fundi mzoefu anaweza kuhisi mafuta ya taa yakiwa mengi. Yakiwa kidogo, pua inadanganya.

Jaribio la karatasi je?

Lina maana, kama utaelewa mipaka yake. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya chujio (hata ile ya kuchujia kahawa), mahali pa wazi, mbali na moto na sigara. Petroli safi hukauka ndani ya dakika mbili hivi bila kuacha alama. Ikibaki duara la mafuta dakika kumi baadaye, kuna kitu kizito ndani: mafuta ya taa, dizeli au oili.

Lakini linganisha. Dondosha tone la sheli unayoiamini pembeni ya lile unalolishuku, kwenye karatasi moja, wakati mmoja. Viambato vya kusafishia navyo huweza kuacha kivuli chepesi. Karatasi si ushahidi wa kumshitaki mtu. Ni sababu ya kuacha kujazia pale na kuwaita wenye maabara.

## Maji na uchafu

Maji huingiaje kwenye petroli?

Kwa mvua, kwa kifuniko cha tangi kisichoziba, kwa tangi la chini lililotoboka kwa kutu, na kwa unyevu wa hewa unaoganda ndani ya tangi lililo nusu tupu. Maji ni mazito, hukaa chini. Kituo makini hupaka kijiti cha kupimia dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, na hunyonya maji hayo kabla hayajafika usawa wa bomba la pampu.

Masika moja nilijaza gari langu usiku kwenye kituo kimoja barabara kuu, mvua ikinyesha tangu mchana. Nilikwenda kilometa mbili, likazima. Tulipofungua tangi asubuhi, kwenye ndoo ya lita kumi maji yalikuwa karibu nusu. Siku hizi wakati wa masika nikiona vifuniko vya matangi ya sheli vimezungukwa na dimbwi, sisimami.

Nisijaze wakati lori linashusha mafuta?

Subiri, au nenda kwingine. Mafuta yanapomwagika ndani ya tangi hutibua mashapo na maji ya chini. Pampu nzuri zina chujio, na mara nyingi hutaona madhara, lakini huna sababu ya kuwa wa kwanza kupima chujio la mtu. Nusu saa baada ya lori kuondoka inatosha.

Nimeshawekewa mafuta mabaya. Nifanye nini?

Gari likianza kukohoa au kumisi muda mfupi baada ya kujaza, simama na zima. Usilipigie starta mara kumi. Kila mara unavuta maji zaidi mpaka kwenye injekta. Vuta gari hadi kwa fundi, tangi lishushwe, chujio libadilishwe, njia za mafuta zisafishwe.

Hifadhi lita moja ya kile kilichotoka kwenye chupa ya kioo au kopo la chuma lenye mfuniko, andika tarehe na saa, na shika risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti, mwenye kituo atakuambia hujawahi kufika kwake. Mwambie kwanza yeye: wengi wakionyeshwa chupa yenye maji hulipa matengenezo, maana nao hawataki foleni ya wateja kumi. Akikataa, malalamiko yapeleke EWURA, ukitaja kituo, pampu na saa.

## Kipimo

Nitajuaje pampu inapunja?

Kila kituo kinapaswa kuwa na chombo cha kupimia cha lita 20 kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Una haki ya kuomba pampu ipimwe mbele yako. Kiwango cha OIML, shirika la kimataifa la vipimo, huruhusu kosa la nusu asilimia, yaani mililita 100 kwa lita 20. Zaidi ya hapo pampu ina kasoro. Angalia pia stika ya Wakala na lakiri iwe haijakatwa.

Hakikisha pampu imerudi sifuri kabla ya bomba kuingia kwenye tangi. Na usipime kwa dumu la kawaida: dumu la "lita 20" ukilijaza hadi shingoni hubeba zaidi ya 20, ndiyo maana ugomvi mwingi sheli huanzia hapo.

Nijaze asubuhi na mapema kwa sababu petroli ni ya baridi?

Petroli hutanuka kama sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Kama ingekuwa ya moto kwa nyuzi 10 zaidi, katika lita 50 ungepoteza kama nusu lita. Lakini tangi limefukiwa ardhini, na joto la mchana halifiki huko kwa haraka. Tofauti ya asubuhi na adhuhuri haifiki hata bei ya maandazi. Lala.

## Kujipimia mwenyewe

Nawezaje kulinganisha vituo viwili kwa haki?

Jaza hadi bomba lijikate lenyewe, mara ya kwanza tu, usiongezee. Andika kilometa. Tembea shughuli zako za kawaida, rudi pampu ileile, jaza tena hadi lijikate. Gawanya kilometa kwa lita. Mfano: kilometa 412 kwa lita 34.5 ni kilometa 11.9 kwa lita.

Fanya hivyo kwa matangi matatu ya kituo cha kwanza, kisha matatu ya cha pili, dereva yuleyule, njia zilezile, upepo wa tairi uleule. Tangi moja halisemi kitu. Foleni ya siku moja kuelekea Mbagala inaweza kubadilisha hesabu kuliko petroli yoyote. Tofauti chini ya asilimia 3 ipuuze. Ikizidi 5 kwa matangi yote matatu, kwanza shuku pampu (soma sehemu ya kipimo), kisha ubora.

## Hali za pekee

Petroli ya chupa ya barabarani ina shida gani?

Kijijini pasipo na sheli hiyo ndiyo iliyopo, na simlaumu bodaboda anayeinunua. Ila chupa ya plastiki inayoanikwa juani hupoteza sehemu nyepesi za petroli, zile zinazofanya pikipiki iwake upesi, na plastiki yenyewe haikutengenezwa kwa petroli. Nunua iliyokaa kivulini, itazame kwa mwanga kama kuna tabaka chini, na umimine kupitia chujio la kitambaa safi. Kitambaa hakizuii maji wala mafuta ya taa, kinazuia mchanga.

Fundi wangu anasema petroli ya sasa ni dhaifu kwa sababu haina risasi. Kweli?

Risasi iliongezwa zamani kupandisha oktani, na nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006 kwa sababu iliharibu akili za watoto. Oktani sasa hupatikana kwa njia nyingine. Hukukosa chochote.

Na dizeli, hulinganishwa vivyo hivyo?

Kwa maji na kipimo, ndiyo. Kikubwa cha ziada ni salfa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia 2015. Kama una gari la dizeli la kisasa lenye chujio la moshi, kaa mbali kabisa na dizeli ya madumu, kwa sababu asili yake haijulikani na salfa nyingi huharibu mfumo wa moshi.

Gari limekaa miezi minane bila kuwashwa. Petroli iliyomo bado nzuri?

Hapo ubora wa sheli haukusaidii tena. Petroli huanza kuchoka ndani ya miezi mitatu hadi sita: sehemu nyepesi huondoka, zinazobaki hugeuka utomvu. Kama tangi lina kidogo, jaza mpya juu yake na uendeshe taratibu. Kama limejaa na linanuka kama rangi ya ukutani iliyochacha, shusha lote kabla ya kuwasha.